Ngazi za stoo: jibu kwa msomaji anayeogopa mapigo ya moyo wake

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 49, nauza vitenge Kariakoo, naishi Tabata. Nina kilo 93 na presha niliyogundulika nayo miaka mitatu iliyopita, natumia amlodipini. Duka langu liko chini lakini stoo iko ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo letu ni ya kuombea dua. Zamani nilikuwa napanda mwenyewe na jora begani. Siku hizi nikifika ghorofa ya kwanza moyo unanienda mbio, jasho linanitoka, nasimama na kujifanya naongea na simu. Mama yangu alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 56, kwa hiyo unaelewa ninachowaza pale. Sasa namtuma kijana, na kila nikimtuma mzigo unapungua.

Nimejaribu. Mwaka jana nililipia jimu mwezi mzima, nikaenda siku mbili. Kijana wa pale alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kukimbilia, watu wananitazama, nikashuka miguu inatetemeka, sikurudi. Mdogo wangu akaniingiza kwenye kikundi chao cha jogingi cha Jumamosi. Wakaniacha mbali mpaka nikapanda bajaji kurudi nyumbani. Magoti nayo yanauma nikishuka ngazi, nameza diklofenaki. Mwanangu ameniwekea programu kwenye simu inayohesabu hatua, anasema nisipofikisha 10,000 ni kazi bure. Nikijitahidi sana naishia 4,000.

Swali langu: mimi ni mvivu, au mwili wangu umeshafika mwisho? Maana hata nikitaka kuanza, sijiamini. Na nikianza tena, raba nzuri ni zipi? Za dukani bei yake siiwezi."

JIBU

Dada, nimelisoma swali lako mara tatu na kila mara nimekwama pale kwenye simu. Umesimama ghorofa ya kwanza, simu iko sikioni, na upande wa pili hakuna mtu. Nimefanya kazi ya fiziotherapia hapa Dar kwa miaka zaidi ya ishirini (wengi wanatuita "wale wa mazoezi", na wapo wanaoamini kazi yetu ni kukanda tu), kwa hiyo simu za namna hiyo nazifahamu. Mwingine huinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka. Mwingine husimama kwenye genge la watu kuuliza bei ya nyanya asizonunua. Mvivu hana haja ya kuficha kuchoka kwake. Anayeficha ni mtu anayehangaika.

La uvivu basi tulifute. La mwili kufika mwisho nakujibu kwa wazee wa Boston. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya mazoezi ya kunyanyua uzito waliyowapa watu 10 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kulelea wazee, wenye miaka 86 hadi 96. Tisa walimaliza wiki 8. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani mtu alimaliza akiwa na nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya alizoanza nazo. Hao ni wa miaka tisini. Wewe hata hamsini hujagonga.

Kilichokupata ni vitu viwili vilivyosukana kama ukili. Misuli na moyo vimesahau kazi, na wewe umeacha kuviamini. Cha kwanza huanza kurudi ndani ya wiki chache tu. Cha pili ndicho kinachokizuia cha kwanza kisirudi, kwa hiyo nitakaa nacho zaidi.

Kabla ya hapo, la usalama, kwa kifupi maana kliniki unayo. Wiki hii kapime presha ukiwa umekaa na kutulia dakika tano. Namba ya juu ikisoma 180 au zaidi, au namba ya chini ikisoma 110 au zaidi, usianze chochote ninachokuandikia hapa mpaka wakutazame. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au kwenye taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, kuhema hata ukiwa umekaa, mguu mmoja kuvimba na kuuma: hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Na dawa usiache. Mazoezi ya kawaida hushusha presha ya mwenye presha kwa wastani wa nukta 5 hadi 8, nayo ni faida kubwa, lakini inaongezwa juu ya faida ya kidonge. Ukiona vifundo vya miguu yote miwili vinajaa jioni, inaweza kuwa amlodipini yenyewe. Uliza kliniki, wanajua la kufanya.

Sasa twende kwenye ngazi.

Kutoka chini hadi ghorofa ya tatu ni kama mita tisa au kumi kwenda juu. Wewe unainua kilo 93 umbali huo kwa miguu miwili, katika joto la Kariakoo, pengine saa nane mchana. Mbebeshe yule kijana wako robota la kilo 93 alipandishe, kisha mwangalie usoni. Moyo wako kwenda mbio pale ni moyo unaofanya kazi yake: misuli ya mapaja imeomba hewa, moyo umeongeza kasi kuipeleka. Jasho ni mwili kujipooza. Ungepanda ghorofa tatu na moyo ukabaki vile vile kama umekaa unakunja vitenge, hapo ndipo mimi ningekuwa na wasiwasi.

Najua maneno haya hayatoshi. Mama yako alianguka na miaka 56, wewe una 49, na hesabu hiyo unaipiga kila moyo unapodunda. Ndiyo maana nataka uanze kupiga hesabu nyingine. Siku ya kwanza panda ghorofa moja tu, taratibu, mkono kwenye reli. Ukifika, weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, chini ya kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Andika. Subiri dakika moja ukiwa umesimama bila kuongea, hesabu tena. Kwa umri wako mapigo 130 au 140 kwenye ngazi si ajabu hata kidogo. Ninachokitafuta ni ile hesabu ya pili: ikiwa imeshuka kwa 12 au zaidi ndani ya dakika hiyo, moyo wako unajua kupanda na unajua kushuka. (Kama ungekuwa unatumia atenolol hesabu hizi zingekudanganya, kwa sababu dawa hiyo huyashikilia mapigo yasipande. Amlodipini haina shida hiyo kubwa.) Fanya hivyo kwa wiki moja, halafu soma karatasi yako. Mtu aliyeyaona mapigo yake yakipanda na kushuka mara kumi hawi tena yule aliyekuwa akiyasikia tu na kumkumbuka marehemu au mgonjwa wake.

Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ajabu ni kwamba elimu ya jambo hili ilipata nguvu kutoka kwa watu wanaoogopa nyoka kweli kweli. Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alifanya kazi na watu waliokuwa wakiogopa nyoka kiasi cha kuharibikiwa na maisha yao ya kawaida. Hakuwahutubia. Aliwasogeza hatua kwa hatua: kutazama kutoka chumba cha jirani, kusimama mlangoni, kugusa kwa glavu, mwishowe kumshika kwa mkono mtupu. Waliomaliza walipoteza hofu ya nyoka, na baadhi yao wakajikuta wana ujasiri hata kwenye mambo yasiyohusu nyoka. Mwaka 1977 Bandura aliandika nadharia yake juu ya imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, na akataja mahali panne imani hiyo inapotoka: kufanya jambo ukafaulu, kumwona mtu kama wewe akilifanya, maneno ya watu unaowaamini, na namna unavyozisoma dalili za mwili wako mwenyewe.

Pitisha mwaka wako uliopita kwenye hayo manne uone. Kijana wa jimu alikupandisha kwenye mashine ya kukimbilia siku ya kwanza, ukashindwa: chanzo cha kwanza kimekauka. Kwenye jogingi uliwatazama watu wepesi, wenye miaka kumi au ishirini chini yako, wakiishia kwenye kona: cha pili hicho. Mwanao, kwa nia njema kabisa, anakwambia hatua 4,000 ni kazi bure: cha tatu. Na moyo wako unadunda, unamwona mama yako: cha nne. Nani angetoka hapo anajiamini? Hukukosa moyo wa kujaribu. Ulijaribu mahali ambapo kila kitu kilikuwa kinakwambia huwezi.

Tena sisi wataalamu tuna lawama yetu. Nilipokuwa mpya kazini nilikuwa nawapa wagonjwa karatasi yenye mazoezi kumi na michoro yake, mara tatu kwa siku. Mama mmoja wa Temeke alirudi baada ya mwezi akanirudishia karatasi ile ikiwa na mafuta: alikuwa amefungia maandazi ya kuniletea. Hakufanya hata zoezi moja, aliniambia bila aibu, kwa sababu "yalikuwa mengi, nikajua siwezi, nikaona nisianze". Tangu siku hiyo natoa moja au mawili, na nachagua yale ambayo mtu hata akiwa amechoka hawezi kuyashindwa.

Yako ni haya. Ngazi hizo hizo. Wiki mbili za kwanza, panda ghorofa ya kwanza tu mara mbili kwa siku, asubuhi kabla joto halijakolea na mara moja jioni ukifunga. Ukifika, hesabu mapigo, shuka. Simu iache dukani. Kama ulikuwa na haja ya kwenda stoo kweli, mtume kijana kama kawaida. Hii si safari ya mzigo. Wiki ya tatu, ongeza hadi pale ngazi inapogeukia kwenda ya pili. Wiki ya tano, ghorofa ya pili na dakika moja ya kusimama katikati, tena kusimama waziwazi, mgongo ukutani, kama mtu anayejua anachofanya. Ghorofa ya tatu usiikimbilie. Ukifika wiki ya nane au ya kumi ni sawa, na siku ukiwa na homa au hukulala, rudi chini hatua moja bila kujisuta. Mwendo wa kupanda upime kwa mdomo: ukiweza kuimba kibwagizo cha taarabu, ongeza kidogo, ukishindwa kumaliza "niletee chai ya rangi na chapati mbili", punguza. Kati ya hapo na hapo ndiko kwenye faida.

Usione ngazi ni jambo dogo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima. Makonda walipanda na kushuka mamia ya ngazi kila siku kukusanya nauli. Makonda waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua ulikuwa mwepesi zaidi. Watu wakauliza, huenda walioajiriwa udereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris akaenda kuchukua vipimo vya sare zao, akakuta kweli madereva walivaa suruali pana zaidi, lakini hata alipolinganisha watu wa kiuno kimoja tofauti ilibaki. Mwenyewe alifanya mazoezi hadi uzeeni na akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Konda wa kwetu hana ghorofa ya kupanda, anabanwa mlangoni tu, lakini wewe Mungu amekuwekea basi la ghorofa tatu pale kazini, na hulipi kiingilio.

Kuhusu 10,000 ya mwanao. Namba hiyo ilianzia Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipotoa kifaa cha kupima hatua na kukipa jina lenye maana ya "kipimahatua elfu kumi". Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa, zuri masikioni mwa Wajapani, likazunguka dunia nzima likageuka sheria. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walitoa matokeo ya wanawake elfu kadhaa wa Marekani waliokuwa na wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache waziwazi kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Hizo hatua zako 4,000 si bure, mwambie mwanao, na umpe pole. Ongeza 500 kila baada ya wiki mbili. Njia rahisi unayo: daladala yako ikipita Karume, shuka hapo badala ya kusubiri ikufikishe, tembea hadi dukani. Kwa mwendo wako ni robo saa hivi, na kwa foleni ya asubuhi pengine utafika kabla yake. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na tangu mwaka 2020 limesema wazi kwamba kila dakika inahesabika, hata zile fupi fupi. Robo saa asubuhi na robo saa jioni kwa siku tano, umeshafika 150, na hujanunua hata nguo ya mazoezi. Dera lako linatosha, ilimradi halikokoti.

Magoti. Unasema yanauma ukishuka, si ukipanda. Ni kawaida, kwa sababu kushuka kunalibana goti zaidi: paja la mbele linafanya kazi ya breki, likiwa dhaifu goti ndilo linapokea mshindo wote. Dawa ya hilo ni kulipa nguvu paja, na kupumzisha goti miezi na miezi hulizidishia udhaifu. Chukua kiti kigumu cha dukani, siyo sofa wala stuli ya kuyumba. Kaa, kunja mikono kifuani, simama, kaa tena polepole kana kwamba kuna yai kwenye kiti. Pumua nje wakati wa kusimama. Usibane pumzi, maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Mara nane, pumzika, mara nane tena, siku tatu kwa wiki. Ikiwa mara nane ni nyingi, fanya nne; ikiwa bila mikono hushindwi hata kidogo, tafuta kiti kifupi zaidi. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi na kutulia kesho yake, endelea. Likiamka limevimba, ulizidisha, punguza nusu. Wiki za mwanzo kwenye ngazi, shuka ukishika reli na weka mguu wenye goti baya kwanza.

Na ile diklofenaki naomba uizungumze kliniki mapema. Dawa za jamii yake hupandisha presha, na zikimezwa mara kwa mara huumiza tumbo na figo. Sasa fikiri: unameza kidonge asubuhi kushusha presha na kingine jioni kinachoipandisha, halafu unajilaumu kwamba vipimo havishuki. Duka la dawa hawatakuuliza, watakupa. Uliza kama unaweza kutumia ya kupaka kwenye goti badala ya kumeza. Kwa goti hufanya kazi, na inayoingia mwilini ni kidogo zaidi.

Jogingi usiichukie, ila badilisha watu. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni Tokyo mwezi Septemba 2025 nilipiga kelele sebuleni mpaka jirani akagonga, lakini sikuinuka kwenye kochi nikiamini na mimi naweza. Anayenifanya niamini naweza ni mwenzangu mwenye goti kama langu anayenipita njiani asubuhi na kunisalimia. Watafute wawili kama wewe. Kariakoo hawakosekani, yule wa duka la pili anayelalamikia mgongo kila siku ni mmoja. Mkishuka wote Karume mtakuwa mnatembea na mnasengenya, na masengenyo ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote cha mwendo wa wastani. Wakati wa kiza msitembee peke yenu vichochoroni. Dar jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini kutegemea mwezi, msubiri lichomoze. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevu huwa vikali, chupa ya maji iwe mkononi.

Umesema kilo mara moja tu katika barua yako, nami sikukurudisha huko kwa makusudi. Mazoezi peke yake hupunguza kilo kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sahani ndiyo yenye neno kubwa, na hilo ni la siku nyingine. Isitoshe, mji wetu huu una mambo: ukinenepa unaambiwa umenawiri, ukipungua kilo nne unaulizwa kwa sauti ya chini unaumwa nini. Ukiweka furaha yako kwenye mizani, utayumbishwa na wateja wako.

Shirika la Afya Duniani lina dodoso fupi la kupima ubora wa maisha lenye maswali 26. Linauliza usingizi wako ukoje, una nguvu za kukutosha kwa siku, unaridhika na unavyomudu shughuli zako za kila siku, una raha na marafiki, unaikubali sura ya mwili wako. Hakuna swali la kilo ngapi. Edward McAuley wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake, walipowafuatilia watu wazima wenye umri mkubwa, waliona kwamba wanaofanya mazoezi zaidi wanajiamini zaidi, na ni kujiamini huko ndiko kulikoambatana na afya bora ya mwili na ya akili, kisha na kuridhika na maisha. Kwa maneno mengine, ngazi zinakupa imani, na imani ndiyo inayokurudishia mambo yako.

Nilikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyeletwa na binti yake kwa ajili ya goti. Nilimuuliza kama ninavyowauliza wote: ni kitu gani umeacha kukifanya ambacho unakitaka? Nilitegemea aseme kutembea. Alinyamaza, halafu akasema, "Naswali kwenye kiti." Miaka miwili alikuwa akikaa safu ya nyuma msikitini na wazee wenye viti vya plastiki, na alikuwa amefikia kuchelewa makusudi asionekane anakivuta kiti chake. Goti lilikuwa na kasoro, ndiyo, lakini picha haikuwa mbaya kihivyo. Aliogopa atakwenda chini ashindwe kuinuka mbele za watu. Tulianza na kitanda kirefu, kisha kiti, kisha stuli, kisha mto mnene juu ya mkeka, wiki baada ya wiki, mimi nikiwa nimekaa chini naye kwa sababu hakutaka nimsimamie. Siku alipogusa mkeka kwa paji la uso hakuinuka haraka. Nilidhani amekwama nikasogea. Akanyanyua kidole kuniambia nisubiri. Goti lake likaendelea kuuma mara moja moja, na hata leo linauma. Kiti amekirudisha.

Wewe chako ukijue. Nahisi ni jora begani na stoo ambayo mzigo wake unaujua mwenyewe, lakini inawezekana ni kingine. Kiandike juu kabisa ya ile karatasi ya mapigo. Kijana naye asijue kwanza. Siku utakapotokea stoo ghorofa ya tatu bila taarifa, na daftari mkononi, mzigo utaacha kupungua wenyewe.

Nimebakiza raba. Ukishuka Karume uko mlangoni mwa mtumba, usihangaike na za dukani. Nenda jioni, mguu ukiwa umeshatanuka na kazi ya siku, na uvae soksi utakazotembelea. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Mtumba unaonekana mzima kwa juu huku soli imekufa, kwa hiyo igeuze: ikiwa upande mmoja wa kisigino umelika kuliko mwingine, iache, ilikwisha kunja mguu wa mwenyewe na itakunja wako. Ishike mbele na nyuma uikunje. Ikikunjika penye vidole, nzuri. Ikikunjika katikati ya unyayo kama chapati, mrudishie muuzaji. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba, inatakiwa izame kidogo na irudi. Rangi usiitazame, na akikwambia ni "original", mwombe apunguze bei kwa sababu hiyo hiyo.